Kutoka juu ya meza au kutoka juu ya paa: kumjengea ndugu yako ndege ya rimoti

Ndege ya kwanza niliyomjengea mtu mwingine ilikaa hewani sekunde tisa. Shemeji yangu alikuwa ameona kwenye simu ndege ya kivita ya rimoti ikipita chini chini kama jiwe la manati, akanijia nyumbani Kamalondo, hapa Lubumbashi, Kongo, jioni ileile: “Shemeki, unitengenezeye ya vile. Mutoto iko nafikisha miaka kumi na mbili.” Nikakubali kwa kiburi cha fundi. Wiki tatu nilikata, nikagundisha, nikapiga msasa. Mabawa mafupi yaliyochongoka, pua ndefu, rangi ya kijivu, hata nyota nilichora. Jumamosi asubuhi tukatoka nayo Lubumbashi kwa njia ya Kipushi, familia nzima garini, na kreti ya soda kwa ajili ya sherehe.

Mtoto aligusa kijiti cha rimoti, ndege ikalala ubavu. Akashtuka, akavuta. Ikageuka mgongo, ikaenda kupiga kichuguu. Nilichorudi nacho nyumbani kilienea kwenye mfuko wa mkate. Garini kila mtu alimtazama mtoto, naye akatazama nje dirishani, na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Nilijua kwamba rubani yeyote wa siku ya kwanza angeiangusha ndege ile, kwa sababu niliijenga nikiiwaza video wala sikumuwaza mtoto.

Tangu hapo nimejenga nyingine kadhaa, kwa wadogo zangu, kwa jirani, kwa mzee wangu mwenyewe. Nilichojifunza ni kwamba sehemu kubwa ya ustadi wa rubani unaweza kuifungia ndani ya ndege kabla haijaruka. Ukiuelewa uzito, mahali pa kuuweka, na namna mabawa yanavyoinuka, mpokeaji wa zawadi yako anabaki na kazi ndogo sana. Usipovielewa, unampa mtihani.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyoniaibisha. Bawa hubeba ndege kwa kuisukuma hewa kwenda chini. Kiasi linachobeba kinategemea ukubwa wa bawa, uzito wa hewa yenyewe, pembe ambayo bawa linaikabili hewa, na mwendo. Mwendo ndio bwana mkubwa hapo: ukizidi mara mbili, bawa linabeba mara nne. Pembe nayo husaidia, ila ina mpaka. Ukiinua pua kupita kiasi, hewa inashindwa kulifuata bawa mgongoni, inavurugika, na bawa linaacha kubeba ghafla. Sisi tuliozoea Kifaransa tunasema ndege imedekroshe. Kwa hiyo kila ndege ina mwendo wake wa chini kabisa, na chini ya mwendo huo hakuna rubani anayeweza kuibembeleza.

Namba inayoamua mwendo huo unaipata kwa mizani ya jikoni na rula. Gawanya uzito wa ndege kwa eneo la mabawa; tuuite mzigo wa bawa. Ndege ya shemeji ilikuwa na gramu 1,400 juu ya desimita za mraba 20, yaani kila desimita ya mraba ilibeba gramu 70. Ndege ya mazoezi ninayoijenga siku hizi ina mabawa ya sentimita 120 kwa 20, ambayo ni desimita za mraba 24, na uzito wa gramu 600: gramu 25 kwa kila desimita. Glaida, ile ndege isiyo na mota ambayo wengi hapa wanaiita planeri, naweza kuishusha hadi gramu 12.

Ukizitia namba hizo kwenye hesabu ya hewa ya kwetu, ndege ya kivita haiwezi kwenda chini ya kilomita 41 hivi kwa saa. Hizo ni mita 11 na ushee kila sekunde. Uwanja wa mpira wa mita 100 unaisha kwa sekunde tisa. Mtoto hakuwahi hata kuuliza kushoto ni wapi. Ndege ya mazoezi inaridhika na kilomita 24, mwendo wa mtu anayekanyaga baiskeli kwa haraka. Glaida inaridhika na 16 au 17.

Kuna jambo la pili ambalo limejificha humo ndani, na ndilo linaloamua kama zawadi itafika jioni. Kishindo cha kuanguka kinatokana na uzito ukizidishwa na mwendo, kisha ukizidishwa na mwendo huohuo tena. Ila tumeona kwamba uzito wenyewe ndio unaouongeza mwendo. Ukiongeza uzito maradufu juu ya mabawa yaleyale, ndege inalazimika kwenda kasi zaidi, na kishindo kinafika mara nne. Njia nzuri ya kuliona hili ni kujiuliza: ndege hii ikigonga ardhi kwa mwendo wake wa chini kabisa, ni sawa na kuiachia iporomoke kutoka urefu gani? Kwa glaida jibu ni mita moja na kidogo, yaani imeanguka kutoka mezani. Kwa ndege ya mazoezi ni mita 2.3, juu ya mlango. Kwa ndege ya kivita ni mita 6.5: umepanda juu ya paa la nyumba ya ghorofa ukaitupa chini. Ndiyo maana ndege nyepesi ya frigoliti, lile povu jeupe gumu la kufungia vyombo, inaokotwa, inapigwa skochi, yaani utepe wa gundi, inarushwa tena, na ile iliyoimarishwa kwa mbao na gundi nyingi “isivunjike” inavunjika vipande.

Najua mafundi wenzangu wanaopinga. Wanaona ndege nzito ni imara na inakata upepo vizuri. Inakata upepo, kweli. Lakini mwenye mikono ya kuifuata ni wao.

Hapa kwetu hesabu ina ugumu wa ziada. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Vitabu vya urubani hupima kila kitu kwa hewa ya kando ya bahari yenye nyuzi 15. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 10, hewa yetu ni pungufu kwa kama asilimia 12. Mchana wa Oktoba, nyuzi 30, upungufu unafika asilimia 18. Maana yake ni kwamba ndege ileile iliyochorwa na mtu wa pwani italazimika kwenda kasi zaidi hapa, asilimia 7 asubuhi ya baridi na karibu 11 mchana wa joto, na propela yake itapata hewa kidogo ya kusukuma. Mtu akikuletea plani kutoka intaneti, ama ongeza mabawa kidogo, ama punguza uzito. Mimi hupanua bawa kwa sentimita mbili kwenda nyuma na siongezi kitu kingine.

Sasa mizani. Ukiniuliza ndege nyingi za mikono zinakufa kwa nini, nitasema kwa sababu uzito wake umelala nyuma. Na hapa lazima nimtaje Mfaransa mmoja, Alphonse Pénaud. Agosti 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, alirusha mbele ya watu kindege kidogo kilichoendeshwa na mpira uliosokotwa. Kilikaa hewani sekunde 11. Sekunde mbili zaidi ya zangu, tena hakuna aliyekuwa akikiongoza! Siri yake ilikuwa kwenye mkia na kwenye ncha za mabawa, na hadi leo sijaona ndege ya kujifunzia isiyomdai Pénaud kitu.

Chukua ndege ambayo uzito wake umewekwa mbele kidogo ya mahali ambapo mabawa yanabebea. Ikiachiwa hivyo, pua itazama. Ndipo mkia unapoingia: unawekwa kwa pembe ndogo kuliko ya bawa, tofauti ya nyuzi mbili hivi, kwa hiyo hewa inausukuma chini na pua inashikiliwa juu. Pande mbili zinavutana, kama wanawake wawili wanaobeba sufuria ya ubwari kwa masikio yake. Sasa ndege ikizama, inaongeza mwendo. Mwendo unaongeza nguvu ya mkia. Pua inainuka yenyewe. Ikipanda sana, mwendo unapungua, mkia unalegea, pua inashuka. Inajirekebisha bila mtu. Lakini uzito ukiuhamishia nyuma, mvutano huo unageuka: ikianza kupanda inazidi kupanda, ikianza kuzama inazidi kuzama, na rubani anakuwa kama mtu anayesimamisha ufagio juu ya kidole. Wazoefu wanaweza. Mtoto wa miaka 12 hawezi, na shemeji hawezi pia, ingawa yeye atasema anaweza.

Kwa bawa la kawaida lenye upana wa sentimita 20, mahali pa mizani ni sentimita 5 hadi 6.5 kutoka ukingo wa mbele. Kwa anayeanza, chagua 5. Chora alama kwa kalamu chini ya kila bawa, weka betri ndani, kila kitu kikiwa mahali pake kama cha kuruka, kisha inua ndege kwa vidole viwili kwenye alama hizo. Ilale sawa au iiname pua kidogo. Usiwaamini wanaokuambia utarekebisha kwa rimoti. Rimoti haihamishi uzito.

Mafundi wapya huadhibiwa na mkia. Tuseme mkia uko sentimita 60 nyuma ya alama, na pua iko sentimita 20 mbele. Gramu 10 za gundi ulizozimwaga mkiani zinadai gramu 30 puani ili mizani irudi. Umeongeza gramu 40 kwa uzembe wa dakika moja. Kwa hiyo mkia nakata frigoliti nyembamba kabisa, nafunga kwa skochi, na vimota vya kuuvuta, zile servo ndogo za gramu 9, naviweka katikati karibu na bawa, vivute kwa waya mrefu. Spoki ya baiskeli inafaa kwa waya huo kwenye ndege fupi; kwa ndefu natumia kijiti cha mishikaki chenye waya kila ncha, maana spoki nayo ina uzito wake.

Ncha za mabawa ndiyo siri ya pili ya Pénaud. Ukiyainua mabawa kama herufi V iliyolala, ndege inayoinama upande mmoja inaanza kuteleza upande huo, na bawa la chini linaikabili hewa kwa pembe kubwa kuliko la juu, linabeba zaidi, linainuka. Kwa bawa lenye nusu ya sentimita 60, kila ncha iinuke sentimita 5 au 6. Mwinuko huo unakuruhusu kuacha kabisa vile vibawa vya pembeni vya kulaza ndege. Unabaki na usukani wa mkia, kibawa cha kupandisha na kushusha pua, na mota. Vijiti vimepungua, makosa yamepungua. Na mtoto akipotea kabisa angani, kuna amri moja ya kumfundisha: achia. Ndege yenye mwinuko na mizani nzuri, ikiachiwa ikiwa juu ya kutosha, inajinyoosha yenyewe.

Kuhusu vifaa nitapita upesi, kwa kuwa kila mtaa una yake. Frigoliti ya kufungia televisheni na friji ni mali ya bure ukijuana na wenye maduka. Ikatwe kwa waya wa hita ya zamani uliotiwa umeme mdogo, nje ya nyumba, kwa sababu moshi wake ni sumu. Karatasi ngumu zenye sponji katikati, za milimita 5, zinazotumiwa na wachapishaji wa matangazo, ni nzuri zaidi kwa mabawa. Mwanzi uliopasuliwa unatosha kuwa uti wa bawa. Gundi ndiyo inayotaka akili: ile ya haraka ya tone moja, na ile ya mafundi viatu, zote zinayeyusha frigoliti mbele ya macho yako. Gundi nyeupe ya mbao haiyeyushi, ila inataka usiku mzima. Ile ya bunduki ya joto ni ya haraka, nayo ni nzito, tia kidogo. Jaribu kila gundi kwenye kipande cha kutupwa kwanza. Mimi nimeshapoteza bawa zima kwa kutokusoma kichupa.

Kuna hila moja ya bawa ambayo wengi wanaidharau kwa kuwa inaonekana ya kitoto. Wamarekani wawili, Kline na Fogleman, waliipatia hataza miaka ya 1970 baada ya kuchezea ndege za karatasi. Badala ya kuchonga bawa lenye mgongo laini, unagundisha karatasi ya pili juu ya nusu ya mbele ya bawa tu, ikaacha ngazi katikati. Kwa ndege ndogo za mwendo wa pole inafanya kazi vizuri, bawa linakuwa gumu, na kijana anaweza kulijenga kwa wembe na rula bila msasa wowote. Ndege nzuri kuliko hiyo zipo. Rahisi kuliko hiyo sijaiona.

Umeme unawatisha watu bure. Mota isiyo na brashi ya aina ya 2212 yenye alama ya 1000 KV ina uzito wa gramu 50 hivi. KV hapo haina uhusiano na kilovolti za nyaya za barabarani: ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti. Ukiipa volti 11.1 inataka kuzunguka mara 11,100, kabla propela haijaishika. Kati ya mota na betri kuna kidhibiti mwendo, ambacho pia kinailisha resiva, kile kipokezi cha ishara za rimoti, na servo volti 5. Kwa ndege ya gramu 600 wati 100 zinatosha kabisa, na wati ni volti mara ampea: ampea 9 tu. Ukiwa na betri ya milliampea-saa 1,300, ukitumia asilimia 80 yake kwa wastani wa ampea 6, unapata dakika kumi. Dakika kumi za anayeanza ni nyingi, mikono inatoka jasho.

Betri zenyewe, zile za lithiamu zilizofungwa kwenye mfuko laini, ndizo pekee katika kazi hii ninazoziogopa. Kila seli hujaa kwa volti 4.2 na haipaswi kushuka chini ya 3. Ikijazwa kupita, ikitobolewa, au ikivimba na bado ikalazimishwa, inawaka moto ambao maji ya ndoo hayauzimi upesi. Chaja iwe ya kusawazisha seli, na kwa betri ya 1,300 usizidishe ampea 1.3. Jaza ukiwa macho, juu ya tofali au sufuria ya chuma, mbali na godoro. Ukizihifadhi kwa wiki kadhaa, ziache kwenye volti 3.8 kwa seli. Kuran, yaani umeme, ikikatika, na itakatika, chaja nyingi za aina hii zinakubali betri ya gari ya volti 12, kwa hiyo mtu mwenye paneli ya sola na betri yake anajaza bila kumsubiri mtu. Ukimpa mtoto ndege kama zawadi, betri na chaja mpe mzazi wake.

Rimoti za siku hizi zinatumia masafa ya gigahezi 2.4. Zamani kila rimoti ilikuwa na kristali yake, kipande kidogo kinachoamua masafa, na watu wawili wenye kristali za masafa yaleyale wakiwasha pamoja, ndege moja ilikwenda chini. Sasa rimoti na resiva zinafungishwa ndoa mara moja, na zinatambuana katikati ya kelele. Rimoti ya bei nafuu kama FlySky FS-i6 ina chaneli sita, yaani inaongoza vitu sita tofauti, mara mbili ya zinazohitajika hapa. Kabla ya kuikabidhi, panga mambo mawili. Kwanza, mawasiliano yakikatika mota izime; jaribu kwa kuzima rimoti ndege ikiwa imeshikwa imara. Pili, punguza mwendo wa vibawa, kile cha kupandisha pua kisizidi sentimita moja juu na moja chini. Kisha simama nyuma ya ndege, sogeza kijiti kulia, uone usukani wa mkia unakwenda kulia kweli. Ndege ngapi zimekufa kwa sababu waya ulifungwa kinyume, na fundi alikagua kila kitu isipokuwa hicho!

Kuna jambo moja halijengeki ndani ya ndege, nalo ni kushoto na kulia. Ndege ikienda mbali nawe, kulia kwake ni kulia kwako. Ikirudi kukuelekea, mambo yanageuka, na hapo ndipo watu huanza kupiga kelele. Mwipwa wangu nilimpa kanuni fupi: ndege ikija kwako, sogeza kijiti upande wa bawa lililolala, kama unalisukumia nguzo. Aliishika siku ya pili. “Baba mudogo, iko nasikia!” alipiga kelele, yaani ndege inamtii.

Mahali pa kurushia pana uzito kama wa ndege. Mbali kabisa na uwanja wa ndege wa Luano, mbali na kambi yoyote, mbali na nyaya na watu. Usifunge kamera. Nchi yetu ina vita upande wa mashariki, na kitu chochote kinachovuma angani watu wanakitazama kwa jicho lingine. Anga ya Kongo inasimamiwa na Autorité de l'Aviation Civile, waulize. Na kule unakokwenda muone chefu wa kijiji au wa kartie, yaani mtaa, kabla hujafungua buti ya gari. Mara zote nilizopita kwake na kueleza, mwishoni alituma watoto wake kuja kutazama.

Saa nzuri ni asubuhi ya kiangazi, Mei hadi Agosti, kabla ya saa tatu. Upepo wa kusini-mashariki unakuwa bado umelala. Rusha dhidi ya upepo, mota robo tatu, mkono usawa wala usiulekeze juu, kama anayetupa mkuki mwepesi. Kabla ya mota, jaribu mara tano bila mota juu ya majani marefu: ndege iteleze moja kwa moja na kutua mita 15 au 20 mbele. Ikinyanyuka na kuzama kama mtumbwi kwenye mawimbi, uzito uko nyuma. Ikichimba, uko mbele mno. Majani marefu ndiyo godoro letu, na kichuguu kikubwa kikipandika ni kilima cha bure cha kutupia.

Vichuguu ndivyo vilima vyetu, kwa kweli. Watu wa Bukavu, ambako milima inaingia ziwani, wana upepo unaogonga mteremko na kupanda, na glaida inaweza kuning'inia juu yake kutwa. Sisi wa Lubumbashi tunaishi juu ya meza. Tulicho nacho ni joto. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, ardhi iliyoungua inakuwa nyeusi, jua linaipiga, na hewa iliyo juu yake inapata joto kuliko jirani yake, inang'oka, inapanda kama povu kwenye sufuria. Glaida nyepesi inashuka nusu mita tu kwa sekunde. Ikiingia ndani ya hewa inayopanda mita moja au mbili kwa sekunde, inapanda, ingawa yenyewe inadhani inashuka. Hewa hiyo haionekani, lakini mwewe wanaijua. Ukimuona mwewe anazunguka bila kupiga bawa, mpelekee glaida yako chini yake.

Uzito mdogo hauna maana ya safari fupi. Agosti 2003, Mmarekani Maynard Hill, aliyekuwa na uoni hafifu sana, alirusha kutoka Newfoundland, Kanada, ndege ya mfano aliyoijenga kwa mbao nyepesi za balsa, uzito wake pamoja na mafuta usiofika kilo 5. Ilivuka Atlantiki na kutua Ireland baada ya saa 38 na ushee. Sehemu kubwa ya safari iliongozwa na kompyuta yake ndogo, ni kweli, lakini bila ule ubahili wa gramu mafuta yasingetosha.

Mzee wangu, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, alisikia habari hiyo akatikisa kichwa. Yeye naye macho yamepungua, na mikono inatetemeka. Nikamjengea glaida ya mita moja na nusu, gramu 300, chaneli mbili tu. Kwenye rimoti nikawasha mpangilio unaopooza kijiti kikiwa karibu na katikati, mtetemo wa vidole usifike kwenye mkia. Mwipwa anaitupa kutoka juu ya kichuguu, mzee anaiongoza akiwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki. Oktoba iliyopita mwewe wawili waliingia kwenye duara moja nayo, na kwa dakika nne hakuna aliyesema neno, hata watoto.

Alipoishusha alikuwa na lalamiko moja. Nilikuwa nimeipaka njano kila mahali nikidhani ndiyo inayoonekana zaidi. Kumbe chini ya mbingu nyeupe rangi zote hugeuka kivuli, na yeye alikuwa anashindwa kujua bawa gani ndilo la kushoto. Anataka tumbo la bawa moja liwe jeusi. Nimeshanunua kalamu nene za wino, kwa sababu rangi ya kopo ingeyeyusha frigoliti, na hata isingeyeyusha, ingeniongezea gramu ambazo mzee hajaziomba.